Boti ya Mtu Mmoja

Sindano alikuwa ameshaamua kabla hajaweka mguu kwenye boti ya kwanza, na kwa sababu hiyo alishindwa kumtazama Miwani usoni asubuhi nzima.

Majina yote mawili yalikuwa ya utani, ya gatini. Yeye aliitwa Sindano kwa kuwa ndiye mshona matanga wa pale, na pia kwa ulimi wake. Wanaume wawili waliowahi kumposa waliondoka na matundu. Miwani alikuwa mpima macho. Walijuana siku Sindano alipokwenda kulalamika kwamba uzi umeanza kumkwepa. Miwani akamkalisha kwenye kiti, akamwambia atazame juu, atazame chini, kisha amtazame yeye. Hapo pa kumtazama yeye ndipo walipopotelea wote wawili.

Sasa arusi ilikuwa imekaribia, na walikuwa wamekuja kuchagua nyumba. Miwani hakutaka nyumba ya matofali. Alitaka boti ya matanga, wafunge ndoa, wapakie vyao, wazunguke na bahari miaka miwili, kisiwa hadi kisiwa, kabla watoto hawajawafunga miguu.

"Karibuni maharusi!" Dalali wa boti aliwapokea kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. "Leo hamtoki bila chombo. Hii ya bluu, na ile nyeupe pale. Wenyewe ni wazee wawili, wameuza kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya boti. Nawaambieni ukweli, mimi sijui kusema uongo."

"Basi kazi ya udalali umeipataje?" Sindano akamuuliza.

Miwani akacheka mpaka akashika nguzo ya gati. Kicheko hicho Sindano alikipenda kuliko kitu chochote duniani, na siku hiyo kilimpita mwilini kama mwiba.

Walianza na nyeupe. Ilikuwa pana, imekaa majini kama sahani. Ndani mwake mlikuwa na nafasi ya kupita watu wawili bila kugongana, vyumba viwili vya kulala, jokofu dogo, na jiko lenye dirisha refu lililoleta mwanga wote wa bandari ndani. Tumbo lake halikuzama sana, kwa hiyo ingeweza kuingia kwenye maji mafupi karibu na fukwe, mahali ambapo boti nyingine hubaki nje zikitazama.

Miwani alitoa futi mfukoni. Akapima meza ya ukutani, urefu, upana, kisha akainama akapima na chini yake. Akaandika kiganjani kwa kalamu.

"Unapima nini?" Sindano akauliza.

"Cherehani yako." Alisema kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Nilipita karakana kwako juzi ulipokuwa kwa wateja, nikaipima. Inaingia hapa barabara, na kibao cha mguu kinakaa chini. Utashona ukiangalia nje. Bandari zote zina matanga yaliyochanika, Sindano. Hutakaa bure."

Sindano angepigwa kofi, lisingemuuma vile.

"Tanga lake limeliwa na jua," akasema kwa sauti ya kazi. "Nyuzi zimeoza. Nikivuta kwa vidole viwili linaachia."

"Si una mikono? Utashona jingine."

"Tanga kubwa namna hii, upepo ukija ghafla, mtu mmoja halishushi. Anatakiwa mmoja mlingotini na mmoja kwenye usukani."

"Ndivyo tulivyo," Miwani akasema. "Mmoja na mmoja."

Ya bluu haikuwa na maneno mengi. Nyembamba, nzito, mkuku wake, ule uti wa chini, umetoka omo mpaka tezi, mbele hadi nyuma, kiasi kwamba hata walipoipanda haikutikisika. Iliwapokea kimyakimya kama mama mkwe. Kamba zake zote zililetwa nyuma, karibu na usukani, na nyuma kabisa kulikuwa na kifaa cha kushika usukani kwa nguvu ya upepo, nahodha apate kulala. Ndani kulikuwa na jiko la moto mmoja, makabati, na kitanda kimoja cha maana, chenye ubao wa pembeni wa kumzuia mlalaji asianguke. Kitanda cha pili kilikuwa kochi lililojaa maboya.

Sindano akapata ulimi. Alieleza mkuku mzito unavyoikata bahari mbaya wakati boti pana inapigapiga tumbo kama ngoma. Alionyesha matanga madogo, mazito, yaliyoshonwa mishono mitatu mitatu na mtu aliyejua kazi. Alishika kamba moja, akaivuta akiwa amekaa palepale, na tanga la mbele likajikunja lenyewe.

"Umeona? Mkono mmoja. Mwingine una kikombe cha chai."

Kila neno lilikuwa kweli. Kama angekuwa anadanganya kuhusu boti, angejichukia kwa namna nyepesi zaidi. Alikuwa anatumia ukweli kama mtu anayejificha nyuma ya pazia, huku miguu yake ikionekana.

Dalali alipanda juu kupokea simu. Wakabaki wawili, magoti yakigusana, maana nafasi nyingine haikuwepo.

"Na wewe utalala wapi?" Miwani akauliza.

"Tutapokezana. Safarini watu hupokezana."

"Bandarini je? Tutapokezana ndoa?"

Sindano akatabasamu, tabasamu likamfia mdomoni. Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Ndivyo alivyofanya alipotaka kusema jambo la ndani.

"Mpenzi, hii ni nzuri, sikatai. Lakini mimi nataka ile unayoweza kuishi. Wewe ndiye unayeacha kazi yako na baba yako. Sitaki uniambie huko mbele kwamba nilikutia kwenye kabati."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni Miwani mwenyewe. Angesema: siendi, sikuwahi kutaka kwenda. Angerudi nyuma mpaka ile siku Miwani alipoazima boti ya rafiki yake wakatoka nje ya ukuta wa bandari, upepo ukapanda, boti ikalala ubavu, na Sindano akashikwa na hofu ambayo hakujua kama binadamu anaweza kuwa nayo na bado akapumua. Miwani alikuwa amelowa chapachapa, anang'aa kwa furaha. Akageuka akamwuliza, "Raha, siyo?" Naye, kwa kutotaka kuuzima ule uso, akajibu, "Raha." Neno moja. Miwani akajenga maisha mazima juu yake.

"Baba bado hajakubali," Sindano akasema.

Akausikia uongo huo ukitoka umenyooka, hauna hata kigugumizi.

Mabega ya Miwani yakashuka. "Bado tu?"

"Unamjua. 'Nilizaa binti, sikuzaa kasa.' Ndiyo maana nasema tuchukue hii. Akizidi kukataa, wewe utangulie, mimi nitafuata taratibu."

"Mimi siendi popote bila wewe." Miwani akasimama, akagonga kichwa kwenye dari, akakishika huku akicheka kwa maumivu. "Basi yamekwisha. Twende kwa Baba sasa hivi. Nitapiga magoti mbele ya wateja wake kama itabidi."

"Leo ana vichwa vingi vya kunyoa..."

"Na mimi nywele zimeota. Twende."

Maskini Sindano. Maneno ya kasa, Baba aliyasema kweli, tena kwa hasira, uchumba ulipoanza. Lakini wiki iliyopita mzee alimwita, akamwambia amefikiri, ameona ubinafsi wake, na kwamba baba anayemfungia binti kwa sababu ya upweke wake hana tofauti na mwizi. "Nendeni na baraka zangu. Mwambie mwenzio." Sindano alimbusu mkono, akaingia chumbani, akalia, na mzee akadhani ni furaha. Kukataa kwa Baba ndiko kulikokuwa kivuli chake. Sasa kivuli kimeondoka, jua linamchoma, na bado hakumwambia mtu.

Njiani alitembea nyuma ya Miwani hatua chache. Alijaribu kusema kwenye kona ya duka la vyuma. Alijaribu tena kwenye ngazi. Njia ya mwongo fupi, na nyumbani hapakuwa mbali.

Kinyozi, baba yake Sindano, alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao: kiti kimoja, kioo kimoja kikubwa, benchi la wanaosubiri, ambalo siku hiyo kwa bahati mbaya lilikuwa tupu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Kaa, kaa. Kichwa hicho kinatia aibu ukoo." Akamfunga shuka shingoni, akamvua miwani, akaiweka kando ya sabuni. "Haya, niambieni. Mmeona vyombo?"

"Tumeviona, Baba. Lakini kabla ya vyombo nina ombi." Miwani alijiweka sawa kitini, mikono chini ya shuka kama mtoto. "Najua unaona nakunyang'anya. Una haki. Lakini naomba unisikilize. Kila tutakapofika nitakupigia simu. Akiumwa, nitamrudisha kwa ndege. Nakuomba unipe ruhusa."

Mkasi ulisimama.

"Ruhusa gani?"

"Ya kwenda naye."

"Wewe!" Baba akacheka, akampiga begani. "Unataka niseme mara ngapi? Nilishatoa wiki iliyopita. Nimekwisha hata kuwaambia wateja. Kuna mmoja kaniambia, binti yako atarudi na mapezi, nikamwambia nawe leo utarudi kwako bila sharubu. Kwani huyu hakukuambia?"

Sindano alikuwa amesimama karibu na mlango, na kwenye kioo alimwona Miwani akinyoosha mkono kutoka chini ya shuka, akipapasa, akiitafuta miwani yake kando ya sabuni. Akaivaa. Kisha akamtazama Sindano kupitia kioo, polepole, namna anayomtazama mgonjwa aliyemwambia herufi zote anaziona, kumbe alizikariri.

"Hakuniambia," akasema.

Baba akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa amenyoa vichwa vya kutosha kutambua ukimya wa kila aina. Akafungua shuka, akalikung'uta.

"Nusu ya kichwa imebaki," akasema kwa upole. "Nendeni nje mkazungumze, kisha nitamalizia."

Uani palikuwa na kamba ya nguo na ndoo mbili. Miwani alisimama upande mmoja wa mashuka yaliyoanikwa, Sindano upande wa pili.

"Unanipenda?" Miwani akauliza.

"Nakupenda."

"Usinijibu haraka hivyo. Unanipenda?"

"Nakupenda mpaka naumwa. Hilo sikukudanganya hata siku moja."

"Basi nini?"

"Siwezi bahari." Akalisema, na sauti ikamkatika kama uzi mbovu. "Naiogopa. Ile siku ya kwanza nilidhani nakufa. Nikakuona unacheka, nikasema raha."

"Mbona kila siku uko gatini?"

"Nashona, Miwani. Niko nchi kavu, nashona matanga ya watu wengine waende wao. Nilidhani itaisha. Nilidhani nikikupenda zaidi itaisha. Kila ulipotaja kisiwa nilikuwa najiambia, kesho nitamwambia."

Miwani akashika kamba ya nguo. Nywele zake upande mmoja zilikuwa fupi, upande wa pili ndefu, na Sindano akatamani kucheka, akatamani kulia, akashindwa yote.

"Ile ya bluu," Miwani akasema hatimaye. Alikuwa anaunganisha vipande, sauti ikishuka kila kipande kilipoingia. "Kamba zote nyuma. Mkono mmoja. Kitanda kimoja." Akalisukuma shuka kando ili amwone vizuri. "Ulikuwa unanichagulia boti ya mtu mmoja."

"Nilitaka uwe salama."

"Huko peke yangu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshaniaga, Sindano. Mimi napima cherehani, wewe umeshaniaga."

Sindano alipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji ya kufulia. "Nisamehe. Nimemsingizia baba yangu, nimekuacha uote peke yako. Nipige, nitukane, sema neno."

"Inuka." Miwani akamshika viwiko, akamwinua, na mikono yake ilikuwa baridi. "Kama ungeniambia huwezi bahari, ningelia siku moja, tungetafuta njia nyingine. Sikukasirishwa na woga wako. Nani haogopi? Kinachonichoma ni kwamba mimi kazi yangu ni macho. Watu wanakuja kwangu kwa sababu naona. Na wewe ulikuwa mbele yangu kila siku unatetemeka, nami nikaona mtu mwenye furaha. Umenifanya nisikujue."

Akatoka kwa mlango wa uani. Alipita barabarani na kichwa chake cha nusu mbele za watu, na hakukifunika.

Baba hakumuuliza kitu mpaka jioni. Alipika, akapakua, akasukuma sahani mbele yake.

"Ulinifanya pazia la kujificha," akasema. "Mimi nimekusamehe, ni damu yangu. Lakini yule si damu yako. Yule ni lazima umrudie na uso wako mwenyewe."

"Hatanisikiliza."

"Nani kakuambia ukaseme? Umesema sana."

Maneno hayo yalimkaa Sindano usiku na mchana. Siku zikapita, Miwani kimya. Kisha Dalali akaja karakana kusimulia, bila kuulizwa, kwamba mpima macho amechukua ya bluu, na kwamba alipoulizwa mbona si nyeupe, alijibu tu, "Mtaalamu alinishauri."

Sindano aliacha tanga la mtu mezani na sindano ikiwa imechomekwa katikati ya mshono, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Alimkuta Miwani amepiga magoti sitahani, anasugua mbao kwa brashi. Nywele zilikuwa zimemaliziwa kunyolewa na mtu mwingine, vibaya.

"Hujambo," Miwani akasema.

"Sijambo. Unaondoka lini?"

"Upepo ukitulia."

"Leo haujatulia."

"Haujatulia."

"Basi nitoe leo." Sindano alikuwa amekunja mikono ili isionekane inavyotetemeka, akakumbuka ndicho alichokuja kuacha kufanya, akaikunjua. "Mpaka nje ya ukuta. Nataka unione."

Miwani akaweka brashi chini. "Huna haja ya kujiadhibu."

"Sikuja kujiadhibu. Nimekuja unijue."

Walitoka. Ndani ya ukuta maji yalikuwa ya kuchezea tu, na Sindano alikaa kimya karibu na usukani. Walipopita ncha ya ukuta, wimbi la kwanza likaiinua omo, likaiachia, na upepo ukaingia tangani kwa kishindo. Boti ikalala ubavu. Maji yakapita karibu na kiwiko chake, meusi na ya haraka.

Safari hii hakuutengeneza uso. Aliuacha ufanye ulivyotaka. Alipiga kelele, meno yakagongana, machozi na chumvi vikachanganyika, akamng'ang'ania Miwani mguu kwa mikono miwili kama mtoto aliyeamshwa na ndoto mbaya. Alitapika kando, akarudi kuung'ang'ania. Na Miwani, mkono mmoja kwenye usukani, hakuitazama bahari yake aliyoipenda. Alimtazama yeye. Kidogo kidogo midomo yake ikaanza kucheza, macho yakamjaa.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?" akauliza. "Ile siku? Hivi hivi?"

Sindano akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema neno ambalo angelisema mwanzo kabisa, angewapunguzia wote maumivu.

"Nirudishe."

Miwani akageuza palepale. Hakumwambia ajikaze, hakumwambia bado kidogo. Boti ikapokea upepo kwa upande mwingine, ikasimama wima, na ukuta wa bandari ukaanza kuwajia.

Kwenye maji tulivu alivua koti lake akamfunika. Walikaa bega kwa bega, wote wawili wameloa.

"Nitakwenda," Miwani akasema. "Nisipokwenda, nitakulaumu tukizeeka. Najijua."

"Nenda. Chombo ni kizuri, sikukudanganya."

"Najua." Akamfuta chumvi shavuni kwa kidole gumba, na kidole kikakawia hapo. "Utanisubiri?"

Hatia ilimsukuma aseme ndiyo, aseme upesi, amlipe kwa neno tamu. Alilisikia limefika kwenye ncha ya ulimi, akalizuia kwa meno.

"Nitakujibu kesho asubuhi, nikiwa sitetemeki," akasema. "Jibu la woga nilishakupa mara moja."

Miwani alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya uani, uso wake ukalegea.

"Kesho asubuhi," akasema. "Nitakuwa hapa."

Akampa kamba ya kufungia. Sindano akaruka gatini, akaifunga boti kwa fundo lililokaza.